Maji ya Mbulu na Hanang: Hesabu ya Kijiji Kabla ya Kiangazi

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya maji, nami nitayaanza kwa habari ya ghala.

Mkulima akisha kuvuna mahindi yake huyatia ghalani, kisha husimama mbele ya ghala akapiga hesabu moyoni mwake: haya ya kula, haya ya mbegu, haya ya kuuza, na haya ya mgeni na ya msiba. Akiikosea hesabu hiyo, njaa humkuta mwezi wa Januari, wakati mahindi mapya yangali machanga shambani. Kila mtu aijua hesabu hiyo, hata mtoto. Lakini je, ni nani kati yetu aliyepata kusimama ukingoni mwa lambo la kijiji mwishoni mwa Mei, lilipojaa mpaka juu, akauliza: Maji haya ni kiasi gani? Wanywaji ni wangapi? Na mvua itarudi lini? Wengi wetu tukiona lambo limejaa hushukuru tu, tukaenda zetu. Mwezi wa Oktoba wanawake huondoka alfajiri na madumu kichwani, na ng'ombe huchimba tope kwa midomo, ndipo tunapoitisha mkutano. Mkutano wa Oktoba hauwezi kuongeza maji hata tone moja. Wakati wa kukutana ni Mei.

NCHI YENYEWE ILIVYO

Kwanza yatupasa kuifahamu nchi. Mbulu na Hanang zimo katika Mkoa wa Manyara, mkoa ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa ule wa Arusha. Pepo za mvua hutoka upande wa mashariki, katika Bahari ya Hindi. Zikifika kwenye ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa hupanda, hupoa, na kumwaga mvua yake juu ya milima. Kwa sababu hiyo msitu wa Nou na nchi ya Kainam hupata mvua njema, na muhindi hustawi. Pepo hizo zikishavuka milima na kushuka magharibi, zimekwisha kuwa kavu. Ndiyo maana Yaeda Chini na nchi inayoelekea Ziwa Eyasi hupata mvua haba sana. Mtu aweza kutembea mwendo wa siku moja tu, akatoka katika ukungu akaingia katika vumbi.

Jambo la pili ni hili: maji ya nchi hii hayafiki baharini. Mito yake yote huishia ndani ya nchi, katika maziwa na mbuga zisizo na mlango wa kutokea. Wenye kazi ya maji huiita sehemu hii Bonde la Kati, na bodi yake ina makao yake Singida. Maji yakifika katika ziwa lisilo na njia ya kutokea, jua huyafanya mvuke, lakini chumvi yake haipandi, hubaki. Miaka elfu kwa elfu chumvi hurundikana. Basi Ziwa Eyasi, Ziwa Manyara na Ziwa Balangida yana chumvi au magadi, wala hayafai kwa kunywa wala kwa kumwagilia. Maziwa ya maji baridi, kama Basotu katika Hanang na Tlawi karibu na mji wa Mbulu, ni machache na ni madogo. Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba nchi ina maji kwa kuwa aona ziwa kubwa likimetameta kwa mbali.

Jambo la tatu: mvua yetu huanza kwa desturi Novemba au Desemba, ikaisha Mei. Toka Juni mpaka Oktoba hakuna kitu. Na mvua ya Novemba yaweza kuchelewa. Kwa hiyo mwenye busara huhesabu kiangazi kuwa siku 180.

HESABU YA LAMBO

Sasa tupige hesabu, na wanafunzi wachukue kalamu. Tutwae kijiji cha mfano, chenye watu 1,000, ng'ombe 500, na mbuzi na kondoo 1,000. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu mmodi kwa siku, maji yapatikane kwa umbali usiozidi meta 400 toka nyumbani. Ng'ombe mmoja tumwekee lita 30, na mbuzi lita 4. Basi kwa siku moja watu wahitaji lita 25,000, ng'ombe lita 15,000, na mbuzi na kondoo lita 4,000. Jumla ni lita 44,000, yaani meta 44 za ujazo. Kwa siku 180 ni meta 7,920 za ujazo.

Sasa kijiji kina lambo la meta 12,000 za ujazo. Mtu atasema, "Yatutosha, na ya ziada yapo." Asiwe na haraka. Yuko mnywaji mwingine ambaye hakuandikwa katika daftari la kijiji, wala haji na dumu. Mnywaji huyo ni jua, na upepo ndio msaidizi wake. Katika nchi kavu yenye upepo tuchukue kwamba huondoa milimita 6 za maji kila siku. Kwa siku 180 ni milimita 1,080, kupita meta moja nzima ya kina.

Tazama basi. Lambo letu likiwa pana na lenye kina cha meta 2, uso wake ni meta 6,000 za mraba. Jua litakunywa meta 6,480 za ujazo, yaani zaidi ya nusu, na yatakayobaki ni 5,520. Hayatoshi. Lakini maji yale yale yakiwa katika lambo la kina cha meta 4, uso wake ni meta 3,000 za mraba tu. Jua litakunywa 3,240, na kijiji kitabaki na 8,760. Hapo yatatosha. Mvua ni ile ile na maji ni yale yale. Tofauti ni kina cha lambo. Nimelifanya lambo kana kwamba kuta zake zimesimama wima, ili hesabu iwe nyepesi. Lambo la kweli lina kingo za mteremko, na chini yake maji hupenya udongoni pia. Lakini mafundisho hayabadiliki: chimbeni kwenda chini kuliko kupanua, na pandeni miti upande utokao upepo, si juu ya tuta lenyewe, kwa maana mizizi hutoboa tuta likavuja.

Ongezeni jambo moja tena. Habari zimesikika kwamba kijiji chetu kina maji, na wageni wamekuja na ng'ombe 500 wengine. Sasa matumizi ya kila siku ni meta 59, na jua latwaa 18, jumla 77. Gawanyeni 12,000 kwa 77. Lambo litakauka siku ya 156, siku 24 kabla ya mwisho wa hesabu yetu. Siku 24 bila maji ni nyingi mno kwa ndama, na ni nyingi zaidi kwa mtoto mchanga.

MAJI NA MALISHO NI NDUGU

Hapa pana kosa ambalo limetendwa mara nyingi, tena na watu wenye nia njema. Mtu huona wafugaji wana kiu, akawachimbia lambo, akaondoka akidhani amemaliza kazi. Lakini mahali palipokuwa na malisho bila maji hapakuwa na ng'ombe wakati wa kiangazi, na nyasi zilipumzika. Maji yakiletwa, ng'ombe hukaa hapo mwaka mzima. Mwaka wa pili nyasi zilizo karibu na lambo zimekwisha. Mwaka wa tatu ardhi ni tupu kama uwanja wa mpira. Mvua ikinyesha hulichukua vumbi na kinyesi chote mpaka ndani ya lambo, na kina cha meta 4 chawa meta 3, kisha 2. Lambo limeyaua malisho, na malisho yaliyokufa yanaliua lambo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Serikali ya wakati ule ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo katika Mbulu. Vichaka vyenye mbung'o vilifyekwa, malambo yalichimbwa, na watu walitakiwa kupunguza ng'ombe. Nchi mpya ilifunguka, na watu wengi walishuka toka milimani wakakaa humo. Mpango ule uliona kweli kwamba maji, malisho na hesabu ya mifugo ni jambo moja. Lakini kumwambia mfugaji aondoe ng'ombe wake kwa amri, asiposhirikishwa shauri, ni kumwambia mtu abomoe nyumba yake kwa sababu asiyoielewa.

Baadaye, toka miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO, lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang karibu na Basotu, kwa msaada wa Kanada. Nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Mgeni alizitazama akaona nchi tupu isiyo na mtu. Lakini mfugaji alikuwa na ratiba yake. Alichunga nyanda za wazi wakati wa mvua, madimbwi yalipokuwa na maji, akarudi karibu na visima vya kudumu wakati wa kiangazi. Ratiba ile ilikuwa mpango wa maji usioandikwa. Ilipovunjwa, ng'ombe walisongamana katika nchi ndogo iliyobaki, na mashauri ya ardhi yakafika mahakamani katika miaka ya 1980. Shamba la ngano lilileta mkate, hilo halikatazwi. Lakini aliyepanga matumizi ya ardhi hakumwuliza aliyekuwa akiitumia.

Mfano mwema pia upo, nao uko Kainam. Wairaqw wa huko wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi, na udongo wao bado uko. Hukinga maji kwa matuta, hurudisha samadi shambani, huwakatia ng'ombe majani na kuwalisha zizini, na mabondeni huelekeza maji kwa mifereji ili walime hata mvua ikiisha. Hakuna mtambo hapo, ila jembe, na desturi ambayo kila jirani huifuata. Mwenye kumwachia maji yake yakaharibu shamba la aliye chini huambiwa kosa lake mbele ya wenziwe.

MLIMA NA KORONGO

Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 ukame uliua maelfu ya ng'ombe katika Mkoa wa Manyara, hasa Simanjiro. Haikupita miaka miwili. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Mungu awarehemu.

Nataja msiba huu kwa heshima, wala simlaumu mtu. Mlima wenyewe ni mkali na mrefu, kupita meta 3,400, na mvua ya mwaka ule ilikuwa ya ajabu. Lakini yatufunza kwamba nchi kavu haina adui mmoja. Nchi ile ile ifayo kwa kiu yaweza kuangamizwa na maji kwa asubuhi moja. Basi mpango wa maji usiulize tu, "Tutayapata wapi?" Uulize pia, "Yakija mengi, yatapita wapi?" Njia za maji za zamani, hata zikiwa kavu miaka kumi, zisijengewe nyumba. Maji husahau polepole kuliko watu.

Msitu hufanya kazi mbili. Majani na takataka za chini huyapokea matone ya mvua yasiupige udongo, na mizizi huufungua udongo maji yapenye. Maji yaliyopenya hutokea chini polepole, kiangazi, kama chemchemi. Maji yasiyopenya hukimbia juu ya ardhi siku ile ile, yakichimba korongo. Kwa hiyo aliye chini Dongobesh au Katesh anywa maji ya msitu asiouona. Na korongo likianza, likiwa na upana wa unyayo, lizibeni kwa mawe na matawi siku hiyo hiyo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MAJI MEUPE YASIYO MEMA

Sasa nitawaonya juu ya jambo lisiloonekana. Katika nchi ya Bonde la Ufa, yenye mawe ya volkano, maji mengi ya visima virefu na chemchemi yana madini yaitwayo floridi. Kidogo chake hakidhuru. Kikizidi, meno ya watoto huota yakiwa ya kahawia, na mtu akinywa miaka mingi mifupa yaweza kuuma na kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Maji haya huweza kuwa meupe na matamu. Jicho wala ulimi haviyatambui. Na kuyachemsha, ambako huua vijidudu vya kuhara, hakuondoi floridi; maji yakipungua sufuriani, floridi huzidi. Kwa hiyo kijiji kisichimbe kisima na kukitumia kabla maji hayajapimwa.

Lakini maji ya mvua hayana floridi ya kudhuru. Hapa tena tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba yenye bati la meta 8 kwa 5 ina meta 40 za mraba. Mvua ya milimita 600 ikinyesha kwa mwaka, ni lita 24,000. Toeni sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika. Zabaki lita 19,200. Kuyahifadhi yote kwahitaji tangi kubwa la gharama. Lakini kunywa na kupika hakuhitaji maji yote ya nyumba. Watu sita, kila mmoja lita 5, ni lita 30 kwa siku. Kwa siku 180 ni lita 5,400. Basi tangi la lita 6,000, likijaa Mei na kutunzwa, litawanywesha watoto maji salama kiangazi chote, na kuoga na kufua kutafanywa kwa maji ya kisima. Mvua ya kwanza ya mwaka imwagwe, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, mbu asizae humo. Na shule yenye paa la meta 200 za mraba itapata lita 96,000. Wanafunzi waihakikishe hesabu hiyo wenyewe.

SHAURI LA KIJIJI

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yaruhusu watumiao chanzo kimoja kuunda jumuiya yao, na mwenye kutaka kuchota maji mengi kwa umwagiliaji hana budi kuomba kibali cha bodi ya bonde. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika meta 60 toka ukingo wa mto au ziwa. Toka mwaka 2019 kuna Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, ambao hufanya kazi pamoja na vyombo vya watumia maji vya vijiji. Lakini sheria hailindi lambo usiku. Linalolinda lambo ni neno walilokubaliana wenyewe.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mwezi wa Mei kijiji kikutane: wakulima na wafugaji, walio juu na walio chini, na wanawake wasikae nyuma, kwa kuwa wao ndio waijuao njia ya kisimani. Wahesabu watu na mifugo kwa kweli. Mtu akificha ng'ombe wake kwa hofu ya kodi, aharibu hesabu ya wote. Wasimike mti wenye alama ndani ya lambo, na mwanafunzi mmoja aandike kila juma maji yameshuka kiasi gani. Lambo lizungushiwe boma la miiba, na ng'ombe wanywe katika mbauti nje, chini ya tuta, wasikanyage maji ya watu. Wakubaliane tangu mwanzo: maji yakifika alama fulani kabla ya Septemba, bustani zisimwagiliwe, yakifika alama ya pili, mifugo ya maziwa tu ibaki, mingine iende kwenye malisho ya mbali waliyoyaacha yapumzike. Na mgeni mwenye kiu asinyimwe maji ya kunywa, ndiyo desturi yetu. Lakini mwenye kundi aulize kwanza kwa wazee. Mwisho, kila nyumba itoe fedha kidogo kila mwezi, kwa maana pampu mpya haihitaji fedha, bali pampu ya mwaka wa tatu ndiyo ihitajiyo, na wakati huo mfadhili amekwisha kwenda.

Mtu atasema: "Haya yote ni mengi, mvua ni ya Mungu." Ni kweli, mvua ni ya Mungu. Lakini lambo ni letu, tangi ni letu, na korongo pia ni letu. Babu zetu hawakuweza kuifanya mvua inyeshe mapema, lakini hawakukosa kuhesabu magunia. Nasi tuhesabu madumu, mwezi wa Mei, lambo likiwa limejaa na mioyo yetu ikiwa imetulia. Akiba haiozi, na penye wengi hapaharibiki neno.